Lumumba: kutoka posta ya Kisangani hadi uwaziri mkuu

Patrice Emery Lumumba anajulikana kote Congo kama waziri mkuu wa kwanza. Lakini siasa yake haikuanzia Kinshasa. Ilianzia Kisangani, wakati ule ikiitwa Stanleyville.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, katika Sankuru. Mwaka 1944 alifika Stanleyville, ambako alikuwa karani wa posta. Vyama vya siasa vya Wacongomani havikuwepo. Lumumba aliingia katika mashirika ya watu waliosoma, akaandika katika magazeti, akaongoza chama cha wafanyakazi weusi wa serikali katika jimbo.

Mwaka 1956 alikamatwa, na mahakama ikamhukumu kwa kuchukua pesa za posta. Alipotoka gerezani mwaka 1957 alihamia Léopoldville, sasa Kinshasa, akapata kazi ya kutangaza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimkutanisha na watu wengi. Oktoba 1958 alikuwa kati ya waanzilishi wa MNC, chama kilichotaka Congo moja, bila kujali kabila.

Mwaka mmoja baadaye alirudi Stanleyville kwa mkutano wa chama. Fujo zilizuka, watu wakauawa, naye akafungwa tena. Desemba 1959, akiwa bado gerezani, chama chake kilishinda uchaguzi wa mji kwa kura nyingi sana. Januari 1960 wajumbe wa Congo waliokuwa Brussels walidai aachiliwe. Alitolewa katika gereza la Jadotville, sasa Likasi, akapandishwa ndege kwenda kwenye mazungumzo yaliyopanga uhuru.

Katika uchaguzi wa Mei 1960, MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137 vya bunge. Ilikuwa ya kwanza, lakini haikuweza kutawala peke yake. Ilibidi aunganishe vyama visivyoaminiana, na bunge likaipitisha serikali yake siku chache kabla ya tarehe 30 Juni.

Hakupata muda wa kutawala. Julai wanajeshi waliasi, kisha Katanga ikajitenga. Tarehe 5 Septemba rais Kasavubu alimfukuza. Bunge lilikataa uamuzi huo, lakini siku tisa baadaye kanali Mobutu alichukua mamlaka.

Usiku wa tarehe 27 Novemba, Lumumba alitoroka nyumba aliyozuiliwa Léopoldville, akashika njia ya Stanleyville, ambako wafuasi wake walikuwa bado na nguvu. Hakufika. Wanajeshi walimkamata karibu na mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na miaka 35. Mwili wake uliharibiwa kwa asidi.

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki. Kabla ya kuzikwa Kinshasa, jeneza lilipelekwa Kisangani. Alirudi katika mji uliompigia kura akiwa gerezani, miaka zaidi ya 60 baada ya safari aliyokatishwa njiani.