Edsger Dijkstra

Edsger Wybe Dijkstra (Rotterdam, 11 Mei 1930 – Nuenen, 6 Agosti 2002) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Uholanzi. Anajulikana hasa kwa algoriti ya kutafuta njia fupi zaidi na kwa kuweka msingi wa programu zinazoendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja.

Maisha

Baba yake alikuwa mwanakemia na mama yake mwanahisabati. Alisoma Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1952 alianza kuandika programu katika taasisi ya Mathematisch Centrum, Amsterdam. Alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, kazi hiyo haikukubaliwa kwenye cheti cha ndoa kwa kuwa haikutambulika bado, akaandikwa mwanafizikia. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1959. Alikuwa profesa huko Eindhoven kuanzia 1962, na katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani, kuanzia 1984 hadi 1999.

Mchango

Michakato miwili ikitumia kumbukumbu ileile, hesabu inaweza kuharibika. Kwa mfano, akaunti ina shilingi 10,000. Kila mchakato unasoma kiasi hicho, unaongeza 5,000 na kuandika 15,000. Jumla sahihi ni 20,000, lakini shilingi 5,000 zimepotea.

Mwaka 1965 Dijkstra alichapisha suluhisho kwa michakato ya idadi yoyote, akipanua lile la Theodorus Dekker lililohusu michakato miwili tu. Lilihitaji jambo moja kutoka kwa mashine: kusoma au kuandika neno moja la kumbukumbu kuwe tendo la atomiki, yaani lisilogawanyika. Alibuni pia semafori, namba inayopunguzwa na kuongezwa kwa matendo yasiyogawanyika. Mchakato unaokosa nafasi husubiri hadi uamshwe. Semafori zilitumika katika mfumo wa uendeshaji uitwao THE, uliotengenezwa Eindhoven.

Prosesa nyingi za kisasa hubadilisha mpangilio wa kusoma na kuandika, hivyo suluhisho la 1965 halifanyi kazi humo bila amri za kulinda mpangilio huo. Amri hizo hutofautiana kati ya prosesa moja na nyingine. Mwaka 2011 viwango vya lugha za C na C++ viliingiza operesheni za atomiki, ili programu ileile itumike kwenye prosesa mbalimbali.

Tuzo

Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1972. Tangu 2003, Tuzo ya Dijkstra hutolewa kwa makala muhimu kuhusu mifumo ya kompyuta nyingi zinazoshirikiana.