Edward Sokoine na Chuo Chenye Jina Lake

Kijana wa Sindeni, kati ya Handeni na Korogwe, akiulizwa Sokoine ni nani, huenda akajibu kwamba ni chuo kilichoko Morogoro. Si kosa lake. Miaka zaidi ya 40 imepita tangu mtu yule afariki. Lakini twaona si vema jina likae midomoni na mwenye jina asahauliwe.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, mwana wa wafugaji wa Kimasai. Alisoma huko kwao, kisha Umbwe, akaingia TANU mwaka 1961. Mwaka 1965 akawa mbunge, mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi, na Februari 1977 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri Mkuu. Aliacha kazi hiyo mwaka 1980 kwa ajili ya afya yake, akarudishwa Februari 1983, nchi ikiwa katika dhiki kubwa. Vita ya Uganda ilikuwa imekomba hazina, nayo sabuni na sukari zilikuwa haba madukani. Wenye umri wanazikumbuka foleni zile.

Ndipo alipowaandama walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zikatolewa maghalani, na wananchi wengi wakafurahi. Hata hivyo hatuna budi kusema kweli yote. Watu walikamatwa kwa haraka, wakapelekwa mbele ya baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida, na haki haikai vizuri mahali penye haraka. Wala kumfunga mwenye duka hakukuongeza gunia hata moja shambani. Sokoine mwenyewe, twaamini, alilijua hilo, maana mwaka ule ule ilitungwa sheria ya kumtaka kila mwenye nguvu afanye kazi. Tena hata wasiopenda ukali wake hawakumhesabu katika wale waliojitajirisha kwa cheo.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma, gari lake liligongwa Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki akiwa na umri wa miaka 45. Aliyeendesha gari lililomgonga alikuwa mkimbizi wa Afrika Kusini, mtu wa ANC. Uvumi ulikuwa mwingi, nasi hatutauongeza.

Tarehe 1 Julai mwaka huo huo, Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa Morogoro, kilifanywa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake. Miaka ilipopita, ANC waliporudi kwao, makao yao ya Mazimbu yenye shule ya wakimbizi yakawa sehemu ya chuo hicho, nayo yaitwa mpaka leo kwa jina la Solomon Mahlangu. Hivyo majina hayo mawili yakaa nyumba moja.

Chuo hicho kimetoa mabwana shamba, waganga wa mifugo, na hata mbegu ya maharage iitwayo SUA 90. Lakini mkulima wa Sindeni, apandaye mahindi kwa kungojea mvua, na jirani yake mwenye ng'ombe, bado wana maswali yao: mbegu ipi itastahimili jua, na malisho yawe wapi ili mifugo isiingie shambani. Bwana shamba mmoja akipewa vijiji vingi, tena bila pikipiki, jibu humfikia mkulima mahindi yakiwa yamekwisha kunyauka.