Askofu Aliyetembea na Wapagazi

Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na nyumba nyingi zikakosa chakula. Tunapotafakari wajibu wetu kwa wenye njaa, tumkumbuke Frank Weston.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1871, akafika Unguja mwaka 1898, akafundisha Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar huku pwani ya bara. Hakubaki nyuma akitoa amri, bali alitembea nao kwa miguu. Mwaka uliofuata, hapa kwetu Rufiji, wapagazi wengi wa majeshi walikufa kwa njaa na maradhi katika mvua kubwa, na wanavijiji walinyang'anywa nafaka zao. Vita ilipokwisha, Weston alipinga kwa maandishi kazi za kulazimishwa. Mwaka 1923, katika mkutano mkubwa London, alifundisha kuwa anayemheshimu Yesu katika Sakramenti hana budi kumhudumia katika maskini. Alifariki Hegongo, karibu na Muheza, tarehe 2 Novemba 1924.

Basi nasi tusiishie kutoa sadaka kanisani. Twende wawili wawili, tuone ni jiko la nani halikufuka moshi. Tupeleke unga bila kutangaza, na mbegu kabla ya msimu, kisha tushike jembe pamoja na mwenye shamba. Tusiulize ni wa dini gani, njaa haichagui.