Maisha ya Daktari G. V. Black, Bingwa wa Meno

Mtu akiulizwa ni kitu gani kilicho kigumu kuliko vyote mwilini mwake, mara nyingi hutaja mfupa. Sivyo. Kigumu kuliko vyote ni enameli, yaani lile ganda jeupe lifunikalo jino. Katika kila sehemu 100 za uzito wake, 96 hivi ni madini. Lakini mfupa ukivunjika huunga, na enameli ikiharibika haioti tena, kwani chembe hai zilizoitengeneza hufa jino linapochomoza. Nataka kuwasimulia habari za mtu aliyelichunguza sana ganda hilo.

Greene Vardiman Black alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836, karibu na mji wa Winchester, jimbo la Illinois, Marekani. Alikulia shambani, wala shuleni hakukaa sana. Alipopata miaka 17, ambao ndio umri wangu mimi niandikaye, alianza kujifunza udaktari kwa kaka yake. Mwaka 1857 alifundishwa kazi ya meno na daktari mwingine. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alikuwa askari mpelelezi, kisha akahamia Jacksonville na kufanya kazi yake huko.

Zama hizo wengi walitibu meno kwa mazoea tu. Black alitaka kujua sababu ya kila jambo. Alitengeneza kekee ya kutobolea meno iendeshwayo kwa mguu, mfano wa cherehani. Alijaribu michanganyiko ya fedha, bati na zebaki mpaka akapata ile izibayo tundu la jino bila kunywea wala kuvimba mno. Mwaka 1897 akawa mkuu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, na mwaka 1908 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya kutibu meno.

Mwaka 1909, naye ni mzee wa miaka zaidi ya 70, alikwenda Colorado alikoitwa na daktari kijana, Frederick McKay. Huko watu wengi walikuwa na meno ya rangi ya kahawia. Kati ya watoto waliozaliwa katika mji wa Colorado Springs, karibu 90 katika kila 100 walikuwa na alama hizo. Wawili hao waliona kwamba waliohamia ukubwani hawakupata doa. Basi doa halikuwa uchafu. Liliingia katika enameli utotoni, jino lilipokuwa bado linaumbwa. Tena, cha ajabu, meno hayo hayakuoza upesi.

Black alifariki tarehe 31 Agosti 1915 kabla ya kuijua sababu. McKay aliendelea kutafuta, na mwaka 1931 mwanakemia H. V. Churchill akaiona ndani ya maji: madini ya floraidi. Yakiwa kidogo hulinda jino; yakizidi hulitia doa.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Katika sehemu nyingi za Arusha, chini ya Mlima Meru, maji yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano. Bwenini ninakaa na wenzangu waliotoka huko. Ni wapole na hodari wa masomo, lakini wengine huziba mdomo kwa mkono wanapocheka, kwa kuwa wamezoea kuambiwa hawapigi mswaki. Maneno hayo ni dhuluma. Hakuna mswaki uwezao kuliondoa doa lililo ndani ya enameli.

Wazazi wetu nao wajue kwamba kuyachemsha maji hakuondoi floraidi. Mtoto mdogo ndiye wa kutafutiwa maji salama kwanza, maana meno yake ya ukubwani yanaumbwa ndani ya ufizi kabla hatujayaona. Nasi wanafunzi tumfuate Bwana Black: tukiona jambo tusilolielewa kwa mwenzetu, tuulize sababu kabla ya kucheka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.