Sandford Fleming na saa ya dunia nzima

Sisi tunaoishi mbali na nyumbani tunaijua taabu ya kuhesabu saa kabla ya kupiga simu. Aliyeko Toronto akimaliza chakula chake saa tatu usiku, Dar es Salaam ni saa kumi alfajiri, na watu wamelala. Kanada ikirudisha saa nyuma wakati wa baridi, huko nyumbani huwa ni saa kumi na moja. Leo tunakuleteeni maisha ya mtu aliyeishughulikia taabu hii kabla kompyuta hazijakuwepo, na ambaye wazo lake sasa linafanya kazi ndani ya kila simu ya mkononi.

Sandford Fleming alizaliwa katika mji wa Kirkcaldy, Scotland, tarehe 7 Januari 1827. Mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 18, alivuka bahari kwenda kutafuta maisha Kanada. Alianza na kazi ya upimaji ardhi. Mwaka 1851 ilitolewa stempu ya kwanza ya huko, yenye picha ya mnyama aitwaye biva, na aliyeichora ni yeye. Baadaye akawa mhandisi mkuu wa reli kubwa, ikiwemo ile iliyokusudiwa kufika Bahari ya Pasifiki.

Reli ndiyo iliyoifichua kasoro ya saa. Zamani kila mji ulifuata jua lake: jua likiwa utosini, basi ni saa sita mchana. Kwa msafiri wa farasi halikuwa tatizo. Lakini kati ya Toronto na Montreal jua hupishana kwa dakika 23 hivi, na treni mbili zinazotumia njia moja kwa saa tofauti zinaweza kugongana.

Mwaka 1876 Fleming mwenyewe alikwama katika kituo kidogo nchini Ireland. Kitabu cha ratiba kilisema treni inaondoka jioni, kumbe mchapaji alikosea na treni ilikuwa ya alfajiri. Akalazimika kusubiri usiku kucha. Kutokana na mkasa huo akaanza kuandika kwamba siku ihesabiwe kwa saa 24 mfululizo, na kwamba dunia nzima iwe na saa moja ya pamoja, huku kila eneo likibaki na saa yake ya kawaida pembeni. Dunia igawanywe katika kanda 24, kila ukanda wa nyuzi 15.

Haki lazima isemwe: hakuwa peke yake. Huko Marekani, Charles Dowd alikwisha kupendekeza kanda za saa kwa ajili ya reli, na mpango uliotekelezwa na mashirika ya reli tarehe 18 Novemba 1883 ulisimamiwa na William Allen. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Fleming akiwemo upande wa Uingereza kwa niaba ya Kanada. Kutoka Afrika ilishiriki Liberia pekee. Mkutano ulikubali Greenwich iwe mwanzo wa kuhesabu na siku ya dunia ianzie usiku wa manane wa huko, lakini haukuigawa dunia katika kanda. Jambo hilo kila nchi ilijiamulia baadaye.

Fleming alifariki dunia mjini Halifax tarehe 22 Julai 1915, akiwa na miaka 88. Saa yake moja ya dunia haikuingia majumbani. Iliingia kwenye kompyuta. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia iitwayo UTC, kisha huigeuza kuwa saa ya mahali pale tu inapomwonyesha mtumiaji. Mtengenezaji wa programu anayehifadhi saa ya mahali peke yake hujitafutia balaa. Siku ambayo Toronto inarudisha saa nyuma, saa nzima hujirudia, na malipo mawili yaliyofanyika humo hayajulikani lipi lilitangulia. Kwa miadi ya mbele, hata hivyo, ni lazima mji nao uhifadhiwe, kwa sababu serikali hubadilisha kanuni za saa wakati wowote.

Nasi Waswahili tuna la kujifunza. Saa mbili yetu ya asubuhi ni saa nane kwenye kompyuta, na jamaa aliyeko Muscat yuko saa moja mbele ya Dar es Salaam. Fleming alilala kituoni kwa kosa la alama moja ndogo ya asubuhi na jioni. Basi tukiagana kuonana saa mbili, tutaje pia kama ni ya asubuhi au ya usiku, na ni ya wapi.