Thomas Odhiambo: Mchunguzi wa seli za nzige aliyeleta maabara ukingoni mwa Ziwa Victoria

MWANAFUNZI wa Mbita, Ndhiwa au Rongo anayefunua kitabu cha Baiolojia kwa mara ya kwanza hakawii kukutana na mchoro wa seli: duara lenye kiini katikati, saitoplazimu inayokizunguka na utando unaoshikilia vyote pamoja.

Wengi huukariri mchoro huo usiku wa kuamkia mtihani, wakautoa kama ulivyo kwenye karatasi ya majibu, na baada ya wiki mbili ukawa umewatoka akilini. Kwao, seli ni jambo la vitabuni lililogunduliwa na Wazungu wa kale katika nchi za mbali.

Wachache ndio huelezwa kwamba mjini Mbita, Kaunti ya Homa Bay, mkabala na kisiwa cha Rusinga, kipo kituo cha utafiti chenye jina la Mkenya aliyechunguza seli za mdudu kwa undani hadi kazi yake ikachapishwa katika majarida makuu ya sayansi ulimwenguni. Huyo ni Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyefariki Mei 26, 2003 akiwa na umri wa miaka 72.

Odhiambo alizaliwa mjini Mombasa mnamo Februari 4, 1931, enzi ambazo Kenya ingali koloni la Uingereza. Alisomea katika Shule ya Maseno, mojawapo ya shule chache zilizompa kijana Mwafrika wa Nyanza nafasi ya kusoma hadi kiwango cha juu, kisha akajiunga na Chuo cha Makerere, Kampala.

Baada ya Makerere aliajiriwa nchini Uganda katika idara ya kilimo. Huko ndiko alikojifunza kazi ya mtaalamu wa wadudu kwa macho na mikono yake. Aliwachunguza wadudu wanaofyonza utomvu wa mimea, akawapanga katika makundi yao na kuyaandika aliyoyabaini.

Mwaka wa 1959 alichapisha maelezo kuhusu mdudu wa jamii ya Rhinocoris, mwindaji anayewadunga wadudu wenzake na kuwafyonza. Jambo lililomvutia ni malezi ya mdudu huyo: dume ndilo linaloyalinda mayai hadi yaanguliwe. Wakati huo mwandishi hakuwa na shahada ya uzamifu wala maabara kubwa. Alikuwa na subira ya kumtazama mdudu mmoja kwa siku nyingi.

Mwaka huo huo wa 1959 alisafiri hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na baadaye akawa mwanafunzi wa Sir Vincent Wigglesworth, aliyetambuliwa kuwa mmoja wa vinara wa elimu ya miili ya wadudu. Wigglesworth alikuwa amedhihirisha jinsi homoni zinavyoongoza ukuaji wa mdudu kutoka hatua moja hadi nyingine. Odhiambo alichagua kumchunguza nzige wa jangwani, adui ambaye mkulima wa Afrika Mashariki hakuhitaji kutambulishwa kwake.

Mwanafunzi anayeanza somo la seli atafaidika akituama hapa kidogo, kwa kuwa swali la Odhiambo lilihusu seli zenyewe.

Neno lililotuzalia seli lilianza kutumiwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka wa 1665, alipotazama kipande cha gamba la mti kwa hadubini na kuona vyumba vidogo vitupu. Mnamo 1838 na 1839 Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann walieleza kwamba mimea yote na wanyama wote wameumbwa kwa seli. Kufikia siku za Odhiambo, hadubini ya elektroni ilikuwa imefika, na iliweza kuonyesha vilivyomo ndani ya chumba kilichoonekana kitupu machoni pa Hooke.

Karibu na ubongo wa nzige kuna tezi mbili ndogo mno zinazotoa homoni. Odhiambo aliziondoa tezi hizo katika madume ya nzige, kisha akafuatilia yaliyojiri. Madume hayo yalilimbikiza mafuta mwilini na yakapunguza kutembea. Aidha, tezi zao za uzazi hazikukomaa ilivyopasa. Tone dogo kupita kiasi la kemikali lilikuwa likitoa amri kwa seli zilizo mbali nalo, nazo zikitii.

Baadaye alizigeukia tezi za uzazi za dume, ambazo ni fungu la mirija myembamba. Kuta za mirija hiyo zimeezekwa kwa seli ambazo kazi yake kubwa ni kutengeneza protini na kuzimimina ndani ya mrija. Katika mfululizo wa makala zilizochapishwa kuanzia mwaka wa 1969, Odhiambo alieleza umbo la mirija hiyo, misuli inayoizunguka na sehemu za ndani za seli zake. Mojawapo ya makala hizo ilitokea katika jarida la Royal Society ya London.

Ili kuelewa alichokiona, mwanafunzi wa Migori na akifikirie kiwanda cha sukari cha Awendo. Miwa huingia kwa lango moja, sukari hutoka imefungwa kwenye magunia, na katikati pana ofisi, mitambo, tanuri na bohari. Seli ya tezi hufanana na kiwanda hicho, ila ni ndogo kiasi kwamba maelfu yake yaweza kukaa juu ya ukucha.

Utando wa seli ni ua lenye mabawabu: huchagua kinachoingia na kinachotoka. Kiini ni ofisi inayohifadhi maagizo ya kutengeneza kila protini. Nakala za maagizo hutoka kwenye kiini na kupelekwa kwa ribosomu, mafundi wadogo wanaounganisha vipande vya protini kimoja baada ya kingine.

Protini ikishaungwa hupita katika mikunjo ya utando iliyojaa kwenye saitoplazimu, ikafikishwa kwenye chombo cha Golgi kinachoikamilisha na kuifunga katika vifuko. Vifuko hivyo husafiri hadi ukingoni mwa seli na kumwaga shehena yake nje. Nguvu za kuendeshea shughuli hizo hutoka kwa mitokondria, ambazo huchoma sukari kama tanuri la kiwanda linavyochoma makapi ya miwa.

Seli ya mmea, kama vile jani la mhindi shambani, ina vitu viwili zaidi ambavyo seli ya nzige haina. Kwanza, ina ukuta mgumu nje ya utando. Ndiyo maana mmea husimama bila mifupa. Pili, ina kloroplasti, zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Nzige hana uwezo huo, na ndio sababu hula jani la mkulima.

Odhiambo alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1965 na kurejea Kenya, iliyokuwa imejipatia uhuru miaka miwili tu kabla. Alifundisha elimu ya wanyama jijini Nairobi, na chuo kikuu kilipojisimamia mwaka wa 1970 akawa mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Angeweza kutosheka na cheo hicho. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kutambua kasoro iliyomnyima raha. Magonjwa na wadudu wa Afrika yalikuwa yakitafitiwa kwingine, na vijana waliopelekwa ng'ambo kusoma walirudi wakakosa hadubini, vitabu na wenzao wa kujadiliana nao. Wengi waliishia ofisini wakitia saini barua.

Mwaka wa 1967 alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu nafasi ya sayansi katika maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi maskini haiwezi kungoja itajirike ndipo ifanye sayansi ya hali ya juu, na kwamba vituo vichache vyenye ubora vingefaa kuliko vingi dhaifu.

Wanasayansi wa ng'ambo waliunga mkono wazo hilo, akiwemo Carl Djerassi, mkemia aliyeshiriki katika kuunda vidonge vya kupanga uzazi. Mwaka wa 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kinachojulikana kama ICIPE, kilianzishwa jijini Nairobi, Odhiambo akiwa mkurugenzi wake.

Kituo kilianza kwa majengo duni na watu wachache. Mpango wake ulikuwa kuwaalika mabingwa kutoka vyuo vya nje waje kwa vipindi kuongoza utafiti, huku Waafrika vijana wakijifunza kazi papo hapo. Badala ya mwanafunzi kumfuata mwalimu London, mwalimu ndiye aliyepanda ndege.

Ni Odhiambo huyo huyo aliyesisitiza kwamba utafiti usibakie Nairobi. Mbita, ukingoni mwa ziwa, palikuwa na mahindi na mtama ulioliwa na viwavi wanaotoboa mashina, palikuwa na mbu, na karibu na hapo palikuwa na bonde la Lambwe lililosifika vibaya kwa mbung'o. Kituo cha Mbita kikajengwa, na watafiti wakaishi miongoni mwa wakulima waliokuwa na tatizo lenyewe.

Lambwe yenyewe ni somo tosha la seli. Vimelea vya malale vinavyobebwa na mbung'o ni viumbe vya seli moja. Kila kimoja kina kiini, utando na mkia wa kuogelea ndani ya damu. Hubadilisha vazi la protini lililo juu ya utando mara kwa mara, hivi kwamba askari wa mwili wanapolizoea vazi moja, vimelea vimekwisha kuvaa jingine.

Kadhalika, kimelea cha malaria ni seli moja inayojipenyeza ndani ya seli nyekundu ya damu ya binadamu, seli ambayo ikikomaa huwa haina kiini. Mtoto wa Homa Bay anayetetemeka kwa homa amebeba vita vya seli na seli, na hata mchoro aliouchoka darasani unahusu damu yake mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena Lambwe na kuwatia hofu wakazi. Mapambano yaliyofuata yaliwahusisha madaktari, maafisa wa mifugo, wategaji mbung'o na watafiti wa vituo mbalimbali, ICIPE kikiwemo. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma.

Sifa za Odhiambo zilienea. Mwaka wa 1980 alianzisha jarida la sayansi ya wadudu wa nchi za joto. Mwaka wa 1983 ulianza mpango wa kufundisha wanafunzi wa uzamifu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa ushirikiano na vyuo vikuu vyao. Mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waasisi wa akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea iliyoongozwa na Abdus Salam wa Pakistan, na mnamo 1985 akaongoza kuundwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, akiwa rais wake wa kwanza.

Mwaka wa 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegal walikuwa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kukomesha njaa.

Lakini safari haikuwa ya maua matupu. Kituo chake kilitegemea fedha za wafadhili wa nje, na wafadhili wana masharti. Walikuwepo waliouliza ni kwa nini bara lenye njaa ligharimie uchunguzi wa homoni na tezi za wadudu ilhali mkulima anataka mbegu na dawa. Swali hilo lilimwandama Odhiambo, na mapema katika miaka ya 1990 ICIPE kilibanwa kifedha. Aliondoka uongozini mwaka wa 1994.

Jibu la swali hilo lilikomaa Mbita baada yake. Watafiti wa kituo hicho, wakisaidiana na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walibuni mbinu ya kuchanganya mahindi na mimea mingine. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi. Nyasi za mabingobingo hupandwa kandokando, nazo huwavuta nondo hao wakatage huko, ambako viwavi wengi hufa.

Isitoshe, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoliangamiza gugu la kayongo, ambalo hujibandika kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya chakula chake. Wakulima wengi wa Nyanza Kusini wanalijua gugu hilo kwa hasara liliyowatia. Mbinu hiyo isingepatikana bila watu waliojua jinsi nondo anavyonusa na jinsi mzizi unavyotoa kemikali, yaani maarifa yale yale yaliyoonekana hayana faida kwa mkulima.

Nzige nao hawakusahau njia. Kuanzia mwisho wa 2019 hadi 2020 makundi makubwa yalivamia Kenya, uvamizi ambao nchi ilikuwa haijauona kwa miaka 70 hivi. Serikali na mashirika yakatafuta kwa haraka watu wanaomfahamu mdudu huyo, na elimu ambayo Odhiambo aliianza Cambridge ikahitajika tena.

Mwalimu wa Homa Bay au Migori asiye na hadubini shuleni anaweza hata hivyo kulianza somo la seli kwa panzi aliyekamatwa uwanjani, kwa jani la mhindi na kwa habari za mwana wa nchi hii aliyewatazama wadudu hadi akaziona seli zao. Kituo cha Mbita, ambacho sasa huitwa Kampasi ya Thomas Odhiambo, kipo kando ya ziwa hilo hilo wanaloliona wanafunzi wengi wa kaunti hizo mbili wakielekea shuleni asubuhi.