Chaplin naye alifungiwa mlango

Juzi hapa Nakuru nilishinda kwenye foleni ya ofisi moja nikitafuta kitambulisho cha kijana wangu. Tukaambiwa turudi na karatasi za babu yake. Tukaenda zetu Bondeni kunywa chai. Kwenye runinga ya hoteli alikuwako Charlie Chaplin, bila sauti, na Mkikuyu, Mkalenjin na sisi Waswahili tukacheka pamoja.

Chaplin alizaliwa London mwaka 1889. Baba alikuwa mlevi, mama akaugua akili, naye akiwa na miaka 7 akapelekwa nyumba ya mafukara. Mwaka 1914 alianza filamu fupi Marekani: suruali pana, viatu vikubwa, bakora mkononi. Mwaka 1917, katika The Immigrant, alimpiga teke afisa wa uhamiaji. Dunia ikacheka.

Marekani alikaa karibu miaka 40 bila kuchukua uraia. Mwaka 1952, akiwa safarini kwenda Uingereza, kibali chake cha kurudi kikafutwa kwa kushukiwa siasa zake. Alihamia Uswisi, akafia huko mwaka 1977.

Kijana wangu alicheka lile teke mpaka machozi. Mimi niliitazama bahasha ya karatasi zetu mezani. Kesho asubuhi tunarudi foleni, inshallah.